Hiyo Nduthi ya Ambulensi Mliyozindua Iko Wapi?

Wasee, leo hakuna mzaha. Hii stori imenikaa kooni tangu Desemba na lazima niitoe.

Nyuma ya zahanati ya ushago kwetu, huko Ukambani, kuna nduthi yenye kigari ubavuni. Kigari ni cha kubeba mgonjwa. Kina kitanda, mikanda, turubai la kukinga jua, na pande zote kimeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu kwamba hii ni ambulensi. Siku ilipoletwa kulikuwa na hema, viti vya plastiki, soda na hotuba nne. Utepe ukakatwa. Susu alicheza mpaka leso ikafunguka.

Leo kuku wanataga kwenye kile kitanda. Nilihesabu mayai 6 kwa macho yangu.

Kilichoiua ni klachi. Hicho tu. Kwa nduthi ambazo sote tunazijua, sahani za klachi unanunua siku ya soko, fundi anafunga ukiwa unakunywa chai, unaenda zako. Lakini hii ni ya jina ambalo hakuna fundi wa pale aliwahi kulifungua. Spea haziko sokoni, haziko mjini, na hata Kirinyaga Road hapa Nairobi waliniangalia kama nimeuliza bei ya ndege. Zahanati iliambiwa spea zimeagizwa. Mpaka leo zinaagizwa.

Sasa sikiza. Usiku mmoja wa Desemba, saa nane, binamu yangu alianza kuvuja damu. Mimba ya miezi minane. Ambulensi ya gari ilikuwa imepeleka mgonjwa mwingine mbali. Kwa hivyo alibebwa mshikaki: mtu wa boda mbele, yeye katikati, mamake nyuma akimkumbatia asianguke. Kilomita 20 na kitu za mawe na mchanga, tochi ya simu ikisaidia taa. Walifika. Yeye yuko, namshukuru Mungu. Mtoto hakulia.

Sitasema kile kigari kingemwokoa mtoto. Mimi si daktari na sitaki kudanganya mtu. Ninachosema ni kwamba kilikuwa hapo, umbali wa kutupa jiwe kutoka kwa mlango wake, kimelipiwa, kimezinduliwa, kimepigwa picha, na hakikuwa na maana kuliko kibanda cha kuku. Na hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Lilitokea siku mtu alikaa ofisini akachagua ile nduthi kwa sababu ilikaa vizuri kwenye picha.

Kwa hivyo leo nawaambia jinsi nduthi ya kuokoa watu inafaa kuchaguliwa. Najua wengi wenu hamtanunua. Lakini pesa zinazonunua ni zenu, na huyo wa katikati kwenye mshikaki anaweza kuwa dada yako.

Kwanza, hii kitu inafanya kazi ama ni maneno?

Inafanya. Vigari vya ubavuni vilibeba majeruhi tangu Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini hatuhitaji kwenda Ulaya, twende Malawi. Kule wilaya ya Mangochi, vituo vya afya vilipewa pikipiki zenye vigari kwa ajili ya akina mama wenye matatizo ya uzazi. Utafiti wake ulichapishwa 2008. Muda wa kumtoa mama kituoni mpaka hospitali ulipungua kwa kati ya saa 2 na saa 4 na nusu. Na bei? Ambulensi ya pikipiki ilikuwa rahisi mara 19 kuliko ya gari. Kuiendesha kwa mwaka, rahisi karibu mara 24.

Soma hizo namba tena pole pole. Saa 2 mpaka 4 na nusu. Mama anayevuja damu vibaya baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa 2.

Wanaosomea afya ya jamii wanajua ile hesabu ya ucheleweshaji wa aina tatu, iliandikwa 1994 na Thaddeus na Maine. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta msaada. Wa pili ni kuchelewa kufika hospitali. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Nduthi haitibu wa kwanza wala wa tatu. Inapigana na huyo wa pili peke yake. Na huyo wa pili ndiye alimpata binamu yangu.

Pili, wacheni ndoto za Ural

Kuna wasee wa mtandaoni wakisikia "pikipiki yenye kigari ya kuhepa nayo mambo yakiharibika" wanakuletea picha ya Ural. Ni mashini tamu, sikatai. Ilianza 1941, Wasovieti wakiiga BMW R71. Injini yake siku hizi ni sisi 749, iko na gia ya kurudi nyuma, na kuna aina ambayo gurudumu la kigari pia linasukuma. Kwenye theluji na matope ya kwao ni mnyama.

Sasa ipeleke Lodwar. Ikatikie waya wa klachi saa mbili usiku. Utampigia nani? Kiwanda cha Irbit? Walihamishia uundaji Petropavl, Kazakhstan, mwaka wa 2022. Wapigie basi, uone kama watafika kabla mgonjwa hajaaga.

Na hii ndiyo shida yenyewe, kwa wale wa mtandaoni na kwa wale wa kununua kwa pesa za umma. Wanadhani nduthi ya kutegemewa ni ile haiharibiki. Hakuna kitu kama hicho. Kila nduthi itaharibika, hasa ukiifungia kigari na kuipitisha kwa barabara zetu. Nduthi ya kutegemewa ni ile ikiharibika saa kumi jioni, saa mbili usiku iko barabarani tena, na aliyeitengeneza ni jamaa wa pale pale mwenye spana mbili na nyundo.

Tatu, hesabu ya kununua

Kabla ya kununua chochote, fanya hivi. Nenda kwa soko lililo karibu na zahanati. Sokoni hapo hapo, usiende mjini. Uliza vitu saba: sahani za klachi, waya wa klachi, cheni na sproketi, plagi, viatu vya breki, tyubu, na beringi za gurudumu. Kama maduka mawili au matatu yanavyo vyote, hiyo ndiyo nduthi yako. Kama hawana, hata ukipewa bure, kataa.

Ukifanya hiyo hesabu karibu popote Kenya, jibu litakuwa lile lile liko kwa steji: Boxer ama TVS ama ndugu zao wa sisi 150 na chini. Si nduthi za kuringa nazo. Zina kabureta, zinapozwa na upepo, zina kiki ya mguu betri ikikufa. Fundi wa miaka 19 anaifungua akiwa anaongea na simu. Sisemi hivi kwa sababu kuna mtu amenilipa. Mamilioni ya kilomita za watu wa boda tayari zimefanya utafiti, sisi tunakataa tu kuusoma.

Msee ataniambia: sisi 150 ni ndogo, itabeba aje? Swali zuri, tupige hesabu. Dereva kilo 70. Mgonjwa kilo 75. Kigari chenyewe, tuseme 80. Hapo ni 225. Ukiongeza muuguzi wa kilo 60 nyuma ya dereva, uko 285. Ni mzigo, lakini umeona watu wa boda wakibeba magunia mangapi ya makaa? Tofauti ni kwamba hapa unafanya kwa akili. Unabadilisha sproketi ya nyuma unaweka yenye meno mengi zaidi, ili nduthi ipate nguvu na ipoteze mbio. Mbio hatuhitaji. Kilomita 40 kwa saa bila kusimama ni bora kuliko gari la mbio lililo mbali.

Na kuna mahali sisi 150 haitoshi, niseme ukweli. Ile miinuko ya Elgeyo Marakwet ama Taita, na mzigo huo wote, injini ya upepo itachemka na klachi itanuka. Huko tafuta sisi 200 kwenda juu, lakini bado ipitishe kwa mtihani wa vitu saba. Ama muuguzi apande boda ya pili ifuatane nyuma, na hiyo boda ya pili ibebe tyubu, pampu na petroli ya akiba. Usiku, kwenye barabara haina mtu, hiyo boda ya pili ni bima.

Na za umeme? Nazipenda, na hapa Nairobi za kubadilisha betri zinafanya kazi poa. Kama zahanati iko karibu na kituo cha kubadilishia betri, jaribu. Lakini ushago kwetu kituo hicho hakuna, na stima ikipotea inaweza kupotea siku mbili. Siku kutakuwa na kituo sokoni, nitaandika tena na nitabadilisha maneno.

Nne, kigari chenyewe, hapa ndipo watu huumizwa

Kuna fundi wa jua kali atakuambia anachomelea kigari kwa siku moja. Mheshimu, lakini muulize maswali haya.

Kinashikwa kwa nduthi mahali pangapi? Patatu ndiyo kiwango cha chini, panne ni salama zaidi. Na kisichomelewe moja kwa moja kwa fremu ya nduthi. Fremu ya boda haikuundwa kuvutwa kwa upande. Inatakiwa fremu ndogo ya chini inayoishika nduthi, halafu kigari kinafungwa kwa hiyo. Siku nduthi imekufa kabisa, unafungua nati, unahamisha kigari kwa nduthi nyingine. Hii peke yake ingetosha kumfukuza kuku wa kwetu.

Kiko upande gani? Kenya tunaendesha kushoto, kwa hivyo kigari kinakaa kushoto. Inaonekana ni kitu wazi, lakini nchi nyingi zinazotengeneza zinaendesha kulia. Ukiletewa cha kulia, mgonjwa analala upande wa malori yanayokuja.

Gurudumu la tatu lina breki yake? Kama halina, ukifunga breki ghafla nduthi inasimama lakini kigari kinataka kuendelea, na kinakugeuza kulia, mbele ya malori yale yale. Lina springi yake? Kama halina, kila shimo linaingia moja kwa moja kwa mgongo wa mgonjwa. Na je, ni saizi moja na la nyuma la nduthi? Likiwa sawa, tyubu moja ya akiba inatosha yote mawili.

Limepangwa sawa? Gurudumu la kigari linafaa kuelekea ndani kidogo sana, na nduthi yenyewe ielemee nje kidogo. Ikikosewa, nduthi itavuta upande mmoja safari nzima na mikono ya dereva itakufa ganzi kabla ya kufika. Ukiona taya la kigari limelika haraka kuliko mengine, jua mpangilio ni mbaya, rudisha kwa fundi. Na usishangae nyaya za rimu zikilegea. Nduthi ya kawaida inalala kwenye kona kwa hivyo rimu haipati nguvu ya ubavuni. Yenye kigari hailali. Rimu zikaguliwe kila wiki.

Halafu kitanda. Mgonjwa mzima anyooke miguu. Upande wa kichwa uinuke, kwa sababu kuna watu hawawezi kupumua wakilala chali. Mama mjamzito alale kwa ubavu wa kushoto, kwa hivyo kitanda kiwe na upana wa kumruhusu, sio kile cha kumbana kama maiti. Mikanda mitatu. Turubai la jua na mvua, na ngao ya vumbi mbele. Godoro la kuoshwa na jiki. Na machela itoke, ibebwe kwa mikono, maana mlango wa nyumba ya mtu hauingii nduthi.

Mtu ameanguka kutoka kwa mwembe na hasikii miguu? Huyo usimrushe kwa kigari kwa haraka. Mlaze pale, shingo isiguswe, piga simu, ngoja wenye ujuzi. Chombo kizuri pia kinajua kazi isiyo yake.

Tano, dereva

Hapa ndipo karibu kila mtu anakosea. Wanachukua mtu wa boda mwenye miaka kumi barabarani, wanampa ufunguo, wanapiga makofi. Ile miaka kumi ndiyo itamwangusha.

Nduthi ya magurudumu mawili unailaza kwa kona. Yenye kigari hailazwi, inageuzwa kwa mikono. Ukiingia kona ya kushoto kwa mbio, gurudumu la kigari linainuka hewani. Ukiongeza mafuta inavuta kushoto. Ukifunga breki inavuta kulia. Mwili wa mtu wa boda umefundishwa kinyume cha haya yote, na mwili haubishani, unafanya tu. Kwa hivyo apewe wiki kadhaa za mazoezi na magunia ya mchanga ya kilo 75, mchana kwanza, halafu usiku, halafu kwenye matope. Kabla ya mtu yeyote kulala pale.

Na kitu ambacho hakuna mtu aliniambia mpaka nilipomuuliza fundi: ni hatari zaidi ikiwa tupu. Kigari kikiwa tupu kinainuka kirahisi. Kwa hivyo ukienda kumchukua mgonjwa, beba gunia la mchanga kitandani. Ukifika, litoe, mlaze mgonjwa.

Sita, maji na vichochoro

Najua wa mtaa mnangoja niseme Mathare. Aprili 2024 maji yalipoingia usiku, watu walibeba wazee mgongoni. Je, kigari kingesaidia?

Kidogo, na mapema tu. Kabla mto haujafurika, kigari kinaweza kutoa bibi asiyeweza kutembea na msee wa kiti cha magurudumu mpaka mahali pa juu. Maji yakishaanza kutembea barabarani, imekwisha, hapo ni mashua na kamba. Maji ya mwendo ya sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya lilizama Mto Enziu kule Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Hilo lilikuwa basi. Dereva wa kigari aandikiwe sheria moja kwa rangi nyeupe juu ya tangi: mto ukijaa, huvuki.

Na upana. Nduthi yenye kigari ni karibu mita moja na nusu. Chukua futi, kapime kichochoro cha kwenu Kibera ama Mathare. Vingi haitaingia. Kwa hivyo mtaani, kigari kinangoja mwisho wa barabara na majirani wanatoa machela mpaka hapo. Mwanasiasa akikuambia ameleta nduthi itakayofika kila mlango, muulize kama amewahi kutembea mlangoni kwako bila kujipinda ubavu.

Saba, "Kwani sisi ni watu wa nduthi?"

Hili ndilo jibu nililopata ushago nilipoanza kuongea hivi, na linauma kwa sababu lina ukweli ndani yake. Mjomba aliniambia, "Wewe mtoto wa Nairobi, kwenu wanabebwa na gari lenye oksijeni, sisi unatutafutia pikipiki ya kutolea magunia."

Mjomba, nakusikia. Na nakubali kwamba kuna kiongozi atatumia hii nduthi kama kisingizio cha kutochonga barabara. Kwa hivyo niseme wazi: nduthi haichukui nafasi ya Land Cruiser, wala haichukui nafasi ya barabara. Inamtoa mgonjwa kijijini mpaka kituo cha afya ama mpaka pale gari linaweza kufika, halafu gari linaendelea. Land Cruiser moja ikiwa imeenda kaunti nzima, nyinyi wengine mnangoja na nini? Mnangoja na mshikaki. Mimi silinganishi nduthi na gari ambalo haliji. Nailinganisha na mamake binamu yangu akimshikilia mtoto wake kiunoni gizani.

Na hii si sadaka. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43(2), inasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Nne linaipa kaunti kazi ya huduma za ambulensi. Kwa hivyo ukienda kuuliza, huombi. Unadai deni.

Nane, pesa ya baada ya utepe

Kununua ni siku moja. Kinachoua hizi nduthi ni siku ya 90. Nani anaweka petroli saa nane usiku? Dereva analipwa na nani, na ni mmoja ama wawili wanapokezana? Bima inalipwa na nani mwaka wa pili? Sanduku la spea liko na ufunguo kwa nani? Namba ya kupiga imeandikwa wapi? Na nani anazuia mwenyekiti wa kamati asiitumie kubebea mahindi yake?

Kama hayo hayajajibiwa kwa karatasi kabla ya utepe, usinunue. Afadhali hiyo pesa mgawie watu wa boda wa steji kama malipo ya usiku. Angalau wao wanafika.

Kwa hivyo nawapa kazi ya nyumbani. Kaunti yenu itaitisha kikao cha umma cha bajeti. Najua huwa hamuendi, mimi pia sikuwa naenda. Nendeni. Simama na uliza MCA wako maswali matatu tu. Moja, ambulensi ngapi za wadi yetu zinatembea leo, sio zilizozinduliwa, zinazotembea? Mbili, iliyokufa, imekufa kwa spea gani na hiyo spea iko duka gani? Tatu, petroli ya usiku iko kwa fungu gani la bajeti? Rekodi majibu. Ukianza kuskia "mchakato," rekodi hiyo pia.

Susu ana karatasi amebandika nyuma ya mlango, namba tatu za watu wa boda ambao hushika simu usiku. Chini yake ameandika jina la binamu yangu, na tarehe. Hajaeleza, na hakuna mtu amemuuliza.

Mimi wa kwangu nilimuuliza hayo maswali matatu wiki jana. Alisema ako kwa mkutano, atanipigia.

Bado nangoja.